Ziada ni Moja, Kuvimbiwa ni Kwingine

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wa tawi letu wa mwezi uliopita lilizuka neno moja la Kiingereza, nalo limenikosesha raha tangu siku ile. Kijana wetu mmoja, mwenye elimu na mwenye mapenzi na chama hiki, alikuwa akitusomea katika simu yake habari za soko la karafuu huko ng'ambo. Alipofika penye neno "glut", ambalo hutamkwa kama kusema "glati", alisita kidogo, kisha akatufasiria: "Maana yake ni ziada. Wanasema huenda ikatokea ziada ya karafuu duniani."

Mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango akainua mikono yake akasema, "Alhamdulillahi! Mola atuzidishie." Watu wote wakacheka, na kijana akaona haya. Akasema, "La, babu, hiyo si habari njema. Bei itaanguka." Mzee akamtazama sana, kisha akamwuliza, "Ziada itakuwaje habari mbaya, mjukuu wangu? Mimi tangu nipate akili naomba ziada."

Tukacheka tena, tukaendelea na mambo mengine. Lakini mimi naona mzee yule aliuliza swali kubwa kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, wala hapana aliyemjibu. Madhara ya kutomjibu nikayaona wiki iliyofuata. Jirani yangu ana miche arubaini ya mikarafuu iliyokwisha kufaa kutiwa ardhini, na mashimo yake amekwisha kuyachimba. Nikapita kwake nikaikuta miche imewekwa kando ya banda, haijapata maji siku nyingi, na majani yameanza kuwa ya manjano. Nilipomwuliza sababu akanijibu, "Si ulisikia mwenyewe, bwana? Karafuu zimezidi duniani. Nipande ili iweje?"

Tazameni, ndugu zangu. Neno moja lisilofasiriwa sawasawa limekaribia kuua miche arubaini. Kwa hiyo namwomba Mhariri anipe nafasi katika jarida letu nilieleze neno hili kwa kadiri nilijualo, na nitoe maoni yangu juu ya namna tunavyopaswa kulisikia. Mimi si mwalimu wa Kiingereza, bali nilifanya ukarani miaka kadhaa kabla ya kurudi shambani, na kazi ile ilinifundisha kutoliamini neno la kigeni mpaka nimefungua kamusi.

Neno "glut" asili yake ni Kilatini, katika neno lililokuwa na maana ya kumeza. Likapita kwa Wafaransa, kisha likaingia kwa Waingereza. Ndugu yake wa tumbo moja ni neno "glutton", yaani mlafi. Basi hapo zamani lilikuwa neno la mezani: mtu alisemwa kuwa amejijaza chakula mpaka hawezi tena. Baadaye wafanyabiashara wakaliazima, wakalitia sokoni. Wakasema soko nalo ni kama mtu, lina tumbo; hula, hushiba, na likizidi kulishwa huvimbiwa.

Kiingereza kina neno jingine, nalo ni "surplus". Hilo limetokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "juu" na "zaidi", yaani kile kinachobaki baada ya haja kutimia. Hilo ndilo ziada hasa. Nalo aghalabu ni neno la sifa. Serikali ikipata mapato makubwa kuliko matumizi, waziri husimama akatangaza "surplus" kwa furaha. Lakini hapana muuzaji anayesimama akajisifu kuwa ana "glut". Mwenye "surplus" ana akiba. Mwenye "glut" ana mzigo.

Basi kijana wetu hakukosea sana, ila alichukua neno la akiba akalitia mahali pa neno la maradhi. Mzee naye hakukosea hata kidogo, maana katika Kiswahili chetu ziada ni neema. Ajabu ni kwamba lugha yetu ina maneno mazuri ya kulifasiri neno hili kuliko hata lugha nyingine, maana sisi tumeyapanga kwa daraja. Kuna kushiba, nako ni neema. Kuna kukinai, nako ni kuona huhitaji tena hata ukipewa bure. Kisha kuna kuvimbiwa, nako ni maradhi. Ningekuwa mimi ndiye mfasiri siku ile, ningesema: "Wanasema soko la karafuu huenda likavimbiwa." Naamini mzee asingeinua mikono.

Msidhani kwamba nacheza na maneno tu. Tofauti hii ina maana kubwa kwetu, nami nitaieleza.

Ukisema "ziada", macho ya watu huelekea shambani. Watu hufikiri kwamba wakulima wamezalisha kupita kiasi, na kosa ni lao. Ukisema "kuvimbiwa", macho huelekea kwa mlaji. Hapo mtu mwenye akili lazima aulize: ni nani aliyevimbiwa? Amevimbiwa lini, na wapi? Wingi wa wali chunguni hauumizi tumbo la mtu. Anayeumwa ni mlaji, na pengine mlaji mmoja amevimbiwa ilhali jirani yake amelala na njaa.

Mifano tunayo hapa hapa Pemba. Alfajiri moja majahazi na mashua hurudi pwani kwa pamoja na dagaa tele, barafu hapana, na jua linapanda. Saa mbili asubuhi bei imeanguka mpaka mvuvi anakaribia kulia. Mchana wa siku hiyo hiyo, bara kidogo tu kutoka pwani, mama anatafuta kitoweo asikipate. Je, dagaa walizidi? Walizidi pale pwani, saa ile, kwa wanunuzi wale. Na maembe ni hivyo hivyo. Msimu wake ukifika huoza chini ya miti mpaka nzi wakatujaa, na dukani tunauziwa maji ya maembe ya kopo yaliyotoka nchi nyingine. Hakuna anayeweza kusema kwamba watu wa kisiwa hiki wamekinai maembe.

Na wakubwa wa dunia hupatwa na hayo hayo. Tarehe 20 Aprili 2020, wakati watu wa nchi nyingi wamefungiwa majumbani kwa ajili ya maradhi ya korona, bei ya mafuta ghafi ya Marekani kwa mzigo wa mwezi uliofuata ilianguka mpaka ikapita sifuri, ikawa chini ya sifuri kwa dola 37 na zaidi kwa pipa. Yaani mwenye mafuta alikuwa tayari kumlipa mtu ili ayachukue, maana hapakuwa na mahali pa kuyatia. Magazeti ya Kiingereza yakaandika "glut" kila siku. Walakini sababu kubwa haikuwa visima. Ni magari na ndege zilizokuwa zimesimama. Waliopungua ni walaji. Na mwaka wa pili yake, 2021, mafuta yale yale yakapanda bei tena.

Wataalamu wa uchumi wa Uingereza waligombana juu ya neno hili zaidi ya miaka 200 iliyopita. Malthus, katika kitabu alichokitoa mwaka 1820, alisema kwamba yawezekana bidhaa za kila namna zikazidi kwa wakati mmoja kwa kukosa wa kuzinunua. Rafiki yake Ricardo akakataa, akasema kitu hiki au kile chaweza kuzidi, lakini si vitu vyote pamoja, maana anayeuza kitu hupata cha kununulia kingine. Mabishano yao hayajaisha mpaka leo, nasi hatuna haja ya kuyaamua. Mimi nachukua jambo moja tu, ambalo wote wawili walilijua: wingi peke yake hauna maana mpaka umtaje mnunuzi.

Sasa turudi kwenye karafuu yetu, maana historia yake yote ni historia ya neno hili.

Hapo zamani mikarafuu ilikuwako katika visiwa vya Maluku tu, nchi ambayo leo ni Indonesia. Katika karne ya 17 Kampuni ya Waholanzi iliishika biashara ile, ikaona kwamba karafuu zikiwa nyingi bei itashuka Ulaya. Dawa yao ilikuwa shoka. Walipeleka majeshi kwa mashua kuzunguka visiwa, wakaikata na kuing'oa mikarafuu ya watu, wakairuhusu Ambon na visiwa vya jirani yake tu. Watu wa visiwa vingine waliachwa bila miti, na kwa wengi ndiyo iliyokuwa riziki yao. Kwa kampuni ile, karafuu yoyote isiyokuwa mkononi mwake ilikuwa "zaidi ya haja". Haja ya nani? Haja yake mwenyewe.

Lakini miche haikuisha. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuiingiza kwa siri katika kisiwa cha Mauritius, na kutoka visiwa vile vya Wafaransa ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo kila mkarafuu unaouona Pemba leo, ndugu yangu, ni mjukuu wa mti uliokimbia shoka la mtu aliyesema karafuu zimezidi.

Hapa kwetu nako, Seyyid Said alihimiza upandaji kwa nguvu, bei ilikuwa nzuri, na kila mwenye uwezo akapanda. Miti ile ilipokuja kuzaa kwa pamoja, katika miaka ya 1840, bei ikaanguka sana. Hapo kosa lilikuwa letu, au tuseme la wazee wetu, nami silifichi. Kisha Aprili 1872 ikapiga tufani kubwa, ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika. Karafuu zikawa adimu, bei ikapanda, na neema ikahamia kisiwa chetu. Fikirini hali ya mtu wa Pemba aliyekata tamaa miaka ile ya bei ndogo akauacha mwitu uimeze mikarafuu yake. Tufani ilipopita, alikuwa na nini cha kuvuna?

Mfano wa tatu ni wa mwaka 1937. Serikali ya wakati ule ilitoa sheria iliyokipa nguvu kubwa chama cha wakulima wa karafuu, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaona wamenyang'anywa nafasi yao katika biashara hiyo. Wakagoma, na India, iliyokuwa mmojawapo wa wanunuzi wakubwa, ikasusia karafuu ya Zanzibar mpaka yalipofanywa mapatano mwaka 1938. Mlaji alifunga mdomo kwa ajili ya ugomvi, si kwa shibe. Mkarafuu haujui siasa. Ulichanua kama desturi yake, na karafuu ikakosa pa kwenda. Mtu aliyesimama ghalani siku zile akitazama magunia angeweza kusema karafuu zimezidi, kumbe kilichopungua ni maelewano.

Na mfano wa nne wengi wetu tumeuona kwa macho yetu. Indonesia, nchi ya asili ya karafuu, ndiyo iliyokuwa mlaji wetu mkubwa, maana watu wake huvuta sigara zinazoitwa kretek, ambazo tumbaku yake huchanganywa na karafuu. Kisha wakaamua kujitosheleza. Wakapanda kwa wingi mno katika miaka ya 1970, na miti ilipokomaa, mlaji wetu akawa mkulima mwenzetu. Mapema miaka ya 1980 tani moja ya karafuu iliuzwa kwa maelfu ya dola katika soko la dunia. Kufika katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa haifiki hata dola elfu moja. Nao wenyewe walivimbiwa. Iliundwa bodi ya peke yake ya kununua karafuu zao, chini ya mtoto wa Rais Suharto, ikalemewa na mzigo, na mwaka 1992 wakulima wakashauriwa waharibu nusu ya mavuno yao. Bodi ile ilivunjwa mwaka 1998. Wakulima wengi wa huko walikuwa wamekwisha kukata tamaa na kuiacha miti yao.

Hapa nitasema habari ya nyumbani kwetu, maana nataka mjue kwamba siandiki kwa kusoma tu.

Marehemu baba yangu alikuwa na mikarafuu sitini na kitu, katika bonde na mteremko wa juu yake. Nilipokuwa mtoto, mwaka wa mavuno makubwa nyumba yetu ilijaa wachumaji, usiku tukikaa mkekani tukichambua kwa taa ya chemni mpaka vidole vikawa vyeusi, na asubuhi tukianika juu ya majamvi huku mmoja wetu akitazama mawingu. Ilipoanguka bei katika miaka ile ya 1990, baba alipeleka karafuu kituoni, akarudi na fedha ambazo, baada ya kuwalipa wachumaji kwa pishi zao, hazikutosha hata kununua nguo za Sikukuu. Hakusema neno. Hakukata mti hata mmoja, kwa sababu aliuheshimu mkarafuu na sheria pia haikuruhusu. Lakini aliacha kupalilia. Mti ukifa hakuupandia mwingine. Mitambaazi ikapanda juu ya mashina, watu wakavunja matawi kwa kuni, naye akawa anapanda muhogo pembezoni. Nilipomwuliza, alinijibu kwa maneno yale yale aliyonijibu jirani yangu mwezi uliopita: "Karafuu zimezidi duniani, mwanangu."

Mwaka 2011 mavuno ya Indonesia yalikuwa mabaya. Bei ya dunia ikaruka, na hapa kwetu kilo moja ya karafuu ya daraja la kwanza ikafika shilingi 15,000. Wenye mikarafuu walijenga nyumba, wakasomesha watoto, wakaenda Makka. Sisi katika bonde lile tulikuwa na miti kumi na moja iliyobaki, nayo imedhoofu. Tulivuna, tukamshukuru Mungu, na usiku nikalala nikihesabu miti isiyokuwapo. Baba hakuuawa mikarafuu yake na tufani wala maradhi ya miti. Aliuawa mikarafuu na neno alilolisikia mwaka mmoja akalifanya la milele.

Hilo ndilo jambo ninalotaka kulisema katika makala hii. Soko huvimbiwa mwaka mmoja, miwili, pengine mitano au zaidi. Mkarafuu hungoja miaka sita hata minane kabla ya kuanza kuzaa, hukomaa sawasawa ukikaribia miaka ishirini, kisha huzaa maisha ya mtu mzima na zaidi. Hizo ni saa mbili tofauti. Mtu anayetia mche leo hauzii soko la leo. Anaziuzia siku ambazo mimi na yeye hatuzijui. Basi kuutazama mche kwa bei ya asubuhi hii ni sawa na mtu asiyechimba kisima kwa sababu leo mvua inanyesha.

Tena kuna hatari iliyo kinyume chake, nayo lazima niitaje kwa uadilifu. Bei inapopanda sote hukimbilia kupanda, kila nchi na kila kijiji. Miche ile ikikomaa kwa pamoja, ndipo soko huvimbiwa. Bei inapoanguka sote huacha pamoja, na baada ya miaka karafuu huwa adimu. Hivyo anayefuata bei kwa jembe lake hufika sokoni amechelewa kila mara: hupanda wakati wa neema akavuna wakati wa dhiki. Mwenye kupona ni yule apandaye kwa kiasi kila mwaka, mche mmoja kwa kila mti uliokufa, bei ikiwa juu au chini. Habari za kuvimbiwa kwa soko si za kupuuzwa basi. Mimi sisemi kwamba neno "glut" ni uongo wa wanunuzi. Mara nyingi ni kweli. Nasema tu kwamba ni habari ya wakati na mahali, si hukumu juu ya mti.

Yatupasa kufanya nini basi tunapolisikia neno hili? Maoni yangu ni haya.

Kwanza, tuulize. Mtu yeyote akituambia, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, kwamba karafuu zimezidi, asiachwe aketi mpaka amejibu: zimezidi wapi? Tangu lini? Ni kwa sababu mavuno yamekuwa makubwa, au kwa sababu mlaji amepungua, au amesusa, au hana fedha? Na anayetuambia ni nani? Mnunuzi anayetaka kupunguza bei hulipenda sana neno hili, kama vile muuzaji anavyolipenda neno "adimu". Si kosa, ndiyo biashara, lakini nasi tusiwe watoto.

Pili, tukumbuke kwamba karafuu si dagaa. Mvuvi akivimbiwa soko lake asubuhi, jioni hana kitu. Karafuu iliyokaushwa kwa jua ikakauka barabara, isiyochanganywa na makonyo wala kutiwa maji, ikahifadhiwa pakavu, huweza kungoja muda mrefu. Lakini karafuu yenye unyevu huota ukungu, na hiyo ndiyo ya kwanza kukataliwa soko likishiba. Mtu aliyeshiba huchagua. Mwaka wa njaa hata karafuu mbovu hununuliwa. Mwaka wa shibe hununuliwa nzuri tu. Kwa hiyo siku tusikiapo soko limejaa ndiyo siku ya kuongeza bidii ya kuchambua na kuanika, si ya kuilegeza. Na chama chetu kiendelee kuzungumza na wakubwa wa biashara juu ya maghala na njia za kuhifadhi, jambo ambalo mkulima mmoja mmoja haliwezi.

Tatu, tutafute matumbo mengine. Karafuu si ya sigara na pilau tu. Mafuta yake hutumika katika dawa za meno, sabuni na manukato, na hata makonyo, ambayo zamani wengine waliyatupa, hutolewa mafuta katika kiwanda cha hapa hapa Wawi, karibu na Chake Chake. Kila matumizi mapya ni mlaji mpya mezani. Mkulima mwenye mlaji mmoja ni mtumwa wa tumbo la mtu mmoja. Tuliyaona hayo kwa Indonesia.

Nne, shamba lisiwe la mti mmoja tu. Mdalasini, pilipili manga, migomba na muhogo vyaweza kukaa pamoja na mikarafuu kwa utaratibu mzuri. Mtu mwenye chakula chake na kitu kingine cha kuuza anaweza kuungojea mwaka mbaya upite. Baba yangu alipanda muhogo, na hilo halikuwa kosa. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba muhogo na mkarafuu haviwezi kupalilika siku moja.

Tano, nawaomba vijana wetu wanaotusomea habari kutoka ng'ambo, na tunawashukuru kwa kazi hiyo, wasifasiri haraka. Neno likiwa zito waseme, "Hili nitalitafuta, nitawaambia mkutano ujao." Hakuna aibu katika hilo. Katika chama cha wakulima neno lililofasiriwa vibaya ni sawa na mizani iliyoharibika: kila kitu kitakachopimwa baadaye kitakuwa na kasoro.

Sasa nimjibu mzee wangu wa karibu na mlango, maana hakujibiwa. Babu, dua yako ilikuwa sahihi. Endelea kuomba ziada, na sisi tutaitika amina. Ila tukiomba ziada shambani, tuombe na walaji wenye njaa na fedha, na tuwe na subira ya kuwangoja wasiokuja mwaka huu.

Na jirani yangu nilimrudia juzi, nikamweleza haya niliyoyaandika hapa, pamoja na habari ya bonde la baba yangu, ambayo alikuwa haijui yote. Alinyamaza kimya kitambo. Kisha akachukua ndoo akaenda kisimani. Miche saba ilikuwa imekwisha kufa. Thelathini na mitatu ilikuwa hai bado, na mvua zikijaliwa tutaitia ardhini pamoja, yeye na mimi. Sijui bei itakuwa nini siku itakapozaa. Hata yule aliyeandika neno lile la Kiingereza hajui.

Wasalaam,

Mwanachama, Wilaya ya Mkoani